Benchi la Mwenye Mashine

Kamati ya mazishi ilinipigia simu siku ya Jumanne kuniomba niseme machache kumhusu Mwaura. Dakika tatu, waliniambia, kwa niaba ya mafundi wote aliowafunza kazi. Aliyepiga alikuwa mpwa wake, kijana mwenye adabu zake, na aliposikia nimenyamaza akadhani nalia. Akanipa pole, akasema wanajua marehemu alikuwa kama baba kwangu. Sikuwa nalia. Nilikuwa nimesimama katikati ya duka langu hapa Satellite, bisibisi mkononi, nikimfikiria mwanamke mmoja wa Kibera ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka kumi na moja. Nikamwambia kijana sawa, nitasema, kisha nikauliza ibada inaanza saa ngapi.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule niliofanya kazi kwa Mwaura pale Kawangware, kituo cha 56. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, Nafula mtoto wa watu, na cheti cha kompyuta ambacho hakikuwa kimemshtua mwajiri yeyote. Duka lilikuwa chumba kimoja cha mabati mbele ya ploti ya mama yake Mwaura, katikati ya saluni na duka la misumari na rangi. Saluni ilituletea harufu ya nywele zilizochomwa, jirani wa pili akatuletea kelele za mabati yakikatwa, na sisi tukaongeza moshi wetu wa kulehemu, kila mtu akala jasho lake na la mwenzake. Mvua ikinyesha hatukusikilizana. Meza yetu ya kazi ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya kreti za soda, na tundu la kufuli lilikuwa bado lipo. Skrubu ikikuponyoka ilikuwa inapita humo moja kwa moja hadi sakafuni, na wewe unapiga magoti kuitafuta na tochi ya simu. Mwaura hakutaka tuzibe tundu hilo. Alisema linamfunza fundi kushika kitu vizuri.

Mkabala na meza palikuwa na benchi. Mtu yeyote aliyewahi kupeleka simu au kompyuta kwa fundi wa mtaani anajua kazi ya benchi la namna hiyo. Huku kwetu huachi mashine yako kwa fundi ukaenda zako. Unaketi. Unaangalia kila skrubu inayotoka na kila inayorudi, kwa sababu kila mtu ana shangazi aliyeacha simu nzima akarudishiwa ganda. Wateja walikuja wamejiandaa kukaa: mama na sukuma wiki yake ya kukata, mwanafunzi na daftari, fundi mmoja wa viatu na viatu vya wateja wake, akawa anapiga nyundo huku tukimwekea Windows. Hakuna aliyeona ni matusi. Mwaura mwenyewe alikuwa akipangusa vumbi la benchi kwa mkono na kumkaribisha mtu, akisema mteja anayeketi ni mteja anayejiheshimu. Mimi nilidhani ni utani wake wa kawaida. Ilinichukua miezi kugundua kwamba wasioketi walikuwa wakiondoka na mashine nyepesi kuliko walizokuja nazo.

Nataka nimtendee haki, maana amekufa na hawezi kujitetea. Alinichukua wakati mafundi wengine wa 56 walikuwa wakicheka wakisema msichana atachoma bodi za watu. Alinifunza mkono kwa mkono, bila kunitukana, na bila ile tabia ya kunigusagusa ambayo ilinitoa katika duka nililofanyia kazi kabla ya lake. Saa saba mchana alikuwa akiagiza chapati na maharagwe kibandani, tukala watatu, yeye, mimi na fundi mwenzangu, kwenye sahani mbili, na kama chapati haikutosha alikuwa akiikata yake katikati na kunisukumia nusu bila hata kunitazama. Nilipougua malaria alimtuma mpwa wake na supu. Kisha kulikuwa na habari ya Satellite. Mwaka ule alikuwa akifungua duka la pili huku Satellite, na sote tulijua kwamba litahitaji mtu wa kulisimamia. Ama ningekuwa mimi, ama yule fundi mwenzangu, ambaye alikuwa ametangulia kazini kwa mwaka mzima. Nililitaka duka lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilikuwa nikienda kuliangalia siku za Jumapili baada ya kanisa, lingali na kufuli, nikipiga hesabu meza yangu itakaa wapi.

Auma alikuja shule zikiwa ndiyo zimefunguliwa. Alikuwa mshonaji kutoka Makina, Kibera, amenizidi kama miaka mitano, mrefu, na pini zimechomekwa kwenye kola ya blauzi kama vyeo vya askari. Kutoka kwenye kapu lake alitoa kitu kilichovikwa mfuko wa kitambaa cha bitana ya suruali, ulioshonwa vizuri mno, na ndani ya mfuko mlikuwa na laptopu nyeupe ya Apple. Juu ya lile tunda la nembo alikuwa amebandika kiraka cha kitambaa ili vijana wa njiani wasilione. Mzungu mmoja ambaye Auma alikuwa akimfulia na kumpikia alikuwa amemwachia mashine hiyo aliporudi kwao. Watu walimshauri aiuze. Yeye alikuwa na mpango wake, na aliueleza amesimama, haraka haraka, kama mtu aliyeukariri njiani.

Kulikuwa na mama mmoja hapo hapo Kawangware mwenye mashine ya kudarizi, ile inayosoma mchoro kutoka kwenye flashi na kuushona yenyewe, na alikuwa amekubali Auma aitumie nyakati za alasiri. Na kulikuwa na shule iliyotafuta mtu wa kushona nembo kwenye sweta za wanafunzi: kichwa cha simba, na kitabu chini yake. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia alete sweta moja iliyokamilika kabla ya kufunga shule. Ikimpendeza, sweta zote ni zake, mwaka huu na miaka itakayofuata. Kilichobaki ni kuchora simba. Programu ya kuchorea mishono ilikuwepo, nakala ya zamani, lakini ilifunguka kwenye Windows 7 tu. Kwenye Windows mpya ilikataa, na kwenye Apple haikujulikana kabisa. Laptopu nyingine Auma hangeweza kununua. Akamtazama Mwaura, akasema, "Fundi, niwekee Windows, hiyo ya zamani. Na iwe bei ya mtu wa Kibera."

Mwaura aliigeuza mashine mara mbili mikononi, akacheka. Alisema ni kama kuoa mtu wa kanisa lingine, itawezekana lakini kutakuwa na mikutano mingi. Auma naye akacheka, akaketi kwenye benchi, akatoa suruali ya mtu na sindano.

Mikutano ilikuwa ya siku tatu. Mashine ilikuwa ikimeza diski ya Windows, inanguruma kidogo, kisha inaitema. Flashi haikuitambua. Ilikuwa inakaa nyeupe kama shuka kwa nusu dakika, halafu inaonyesha picha ya folda yenye alama ya kuuliza, kana kwamba sisi ndio tuna majibu. Kulikuwa na njia moja rahisi ambayo Mwaura aliijua, nami naitumia hata leo kwa mashine za umri ule. Unatoa diski ya ndani ya Apple, unaitia kwenye laptopu ya kawaida, unaanza kuweka Windows huko. Inapofika pale inapotaka kujizima na kujiwasha kwa mara ya kwanza, unaikata umeme papo hapo, unachomoa diski na kuirudisha kwenye Apple. Ikiwaka huko inaendelea na kazi kama iliyoanzia hapo. Ukichelewa sekunde chache, Windows inazoea mwili wa ile laptopu nyingine na inabidi uanze upya. Tulichelewa mara mbili.

Ili kuitoa diski ile unaondoa betri, halafu kipande cha chuma chenye skrubu tatu ndogo kama mbegu za mchicha. Ukikitoa, diski iko kushoto, na mbele yako kabisa, huwezi kukosa kuviona, ni vibamba viwili vya ram. Hivyo ndivyo vinavyoipa mashine nafasi ya kufanyia kazi. Vikiwa vikubwa inabeba mzigo mkubwa, vikiwa vidogo inakwama katikati ya mlima. Yule mzungu alikuwa ameweka vikubwa. Nilimwona Mwaura akivitazama siku ya kwanza, akainua macho akamtazama Auma kwenye benchi, akarudi kwenye skrubu zake. Siwezi kusema sikumwona.

Fundi mwenzangu alikuwa Satellite akipaka rangi, na siku tatu ni nyingi kwa watu walio kwenye chumba kimoja. Siku ya pili Auma alileta omena kwenye kikebe na ugali uliofungwa kwa karatasi, tukala sote, na Mwaura akalamba vidole akasema sasa anajua kwa nini mzungu alikonda aliporudi kwao. Auma alinionyesha simba wake. Alikuwa amemchora kwenye karatasi ya hesabu yenye mirabaa, mrabaa mmoja mshono mmoja, kwa penseli iliyochongwa kwa wembe. Alinieleza kwamba kazi yote iko kwenye nywele za shingoni. Ukizishona zote upande mmoja simba anakuwa mbuzi, kwa hivyo kila fungu lazima lielekee kwake, na hapo ndipo mishono inapozidi hadi mashine dhaifu inashindwa. Nikamwonyesha jinsi ya kubofya kwa vidole viwili, kwa kuwa Apple haina kitufe cha kulia. Aliniuliza kama nimeolewa, nikasema bado, akasema nisiharakishe, niwe na duka langu kwanza. Nilimweleza habari za Satellite. Alikuwa mtu wa kwanza niliyemwambia waziwazi ninavyolitaka duka lile, na aliweka sindano chini kunisikiliza.

Siku hiyo hiyo, alasiri, nilimsikia Mwaura akiongea kwenye simu nyuma ya duka. Bati halina siri. Alikuwa akimwambia mtu kwamba ziko mbili, ni za Apple, hata hazijachoka, asubiri kidogo tu. Niliinama nikaendelea na kazi. Auma alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, akipinda suruali.

Siku ya tatu asubuhi nilifaulu kuikata mashine kwa wakati wake. Tukarudisha diski, tukaiwasha, ikakaa nyeupe, tukangoja bila kupumua, na madirisha manne yakatokea kwenye kioo cha Apple. Auma alipiga makofi mara moja tu, kama mtu aliyeua mbu. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo, programu za sauti na mtandao, halafu kufunga. Mashine ilikuwa bado imelala kifudifudi, tumbo wazi, nikipangusa vumbi, wakati simu yake ilipolia. Ilikuwa shule ya bintiye. Mtoto ametapika darasani, mzazi aje amchukue. Auma alisimama. Alimtazama Mwaura aliyekuwa nje mlangoni akiongea na mwenye saluni, akaitazama mashine, akanitazama mimi. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Nafula, mimi naenda. Siachii duka. Nakuachia wewe."

Nikamwambia aende tu, mimi nipo. Akaacha sukuma yake kwenye benchi, fungu zima na kisu, ili ijulikane kwamba mahali pale pana mtu.

Mwaura aliingia. Alisogeza sukuma, akaketi pale alipokuwa ameketi Auma, akaanza kunieleza habari za Satellite. Rangi imekauka, alisema, na kufuli mpya amepata. Alisema fundi mwenzangu ni mzuri lakini ana mdomo, na duka la mbali linataka mtu ambaye haongei sana. Hakuniuliza kitu chochote. Akainuka, akavichomoa vibamba viwili kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba, akatia vingine vidogo kutoka kwenye droo ya mashine zilizokufa. Vikalia vilipokaa. Akasema, "Itawaka tu. Yeye anachora maua, si ati anarusha ndege." Kisha akatoka nje akaniachia zile skrubu tatu mezani. Angeweza kuzifunga mwenyewe. Kazi ya nusu dakika ile.

Nilifunga mimi. Nilifunga ya kwanza, nikafunga ya pili, ya tatu ikaniponyoka ikaingia kwenye lile tundu la kufuli. Nikapiga magoti chini ya meza kuitafuta. Nimewahi kujidanganya kwamba mambo yalitokea haraka, sikupata nafasi ya kufikiri. Si kweli. Nilipata muda wote niliouhitaji, nikiwa magotini kwenye saruji, na nilijua kwamba droo iko wazi, kwamba vile vikubwa viko juu ya kabati, na kwamba ningeweza kumwita Mwaura na kumwambia mama huyu hapana, huyu mwache. Labda angecheka akavirudisha. Labda angenifukuza. Niliiona skrubu ikimeta kando ya mguu wa kreti, nikaiokota, nikaipuliza vumbi, nikainuka nikaifunga. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Auma alikuwa ameketi siku tatu akimlinda Mwaura kwa macho, na siku hiyo alimwacha chawa kwenye kola yake, kati ya zile pini.

Alirudi na mtoto mgongoni, jasho likimtoka. Akauliza iko sawa. Nikasema iko sawa. Wiki moja baadaye aliniletea leso aliyoshona kwa ile mashine ya kudarizi, jina langu kwenye pembe kwa uzi wa buluu. Jina ni mchoro mdogo, halikuikwamisha laptopu. Alisema ni kitu cha kwanza kabisa alichoshona, kabla ya simba. Ninayo mpaka leo na sijawahi kujifutia kitu nayo.

Simba ndiye aliyekwama. Auma alikuwa akichora uso, macho, pua, vizuri tu, lakini akifika kwenye nywele mashine ilikuwa inaganda, na kazi yote ambayo hakuihifadhi inapotea. Alirudi dukani mara tatu muhula ule. Mara ya kwanza Mwaura alipangusa feni. Mara ya pili alimwambia asifungue vitu vingi kwa pamoja. Mara ya tatu Auma hakumfuata Mwaura, alikuja upande wangu wa meza. Alikuwa amekonda, na pini kwenye kola zilikuwa zimepungua. Alisema, "Niambie ukweli. Ni mimi sijui, ama ni mashine?"

Mwaura alikuwa nyuma yangu, ameacha kulehemu. Nikasema, "Ni Apple. Apple na Windows hazipatani." Hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe, hakuna aliyenitilia mdomoni. Kilichonichoma ni kwamba alionekana kupata nafuu. Alikuwa ameanza kuamini kwamba ni ujinga wake, kwamba mtu aliyeachia shule njiani hana kazi na kompyuta, na mimi nilikuwa nimemwondolea mzigo huo. Akanishukuru.

Sweta aliipeleka shuleni siku waliyoahidiana. Uso wa simba ulishonwa na mashine, nywele alizimalizia kwa mkono, siku nne na usiku wake. Aliniambia baadaye, bila kinyongo, kwamba mwalimu mkuu aliisifu sana, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza ndani nje, kisha akamuuliza kama anaweza kushona sweta za shule nzima hivyo hivyo. Akasema ukweli, kwamba kwa mkono haiwezekani. Kazi ikaenda kwa watu wa mjini. Yule mama mwenye mashine ya kudarizi akampa mtu mwingine zile alasiri. Auma akarudi Makina kupinda suruali, na baada ya mwezi akaleta laptopu kuiuza. Akamwuzia Mwaura. Hakuna mwingine aliyeitaka, kwa kuwa Auma mwenyewe, mkweli hadi mwisho, alimwambia kila mtu ina shida. Mwaura alimlipa bei ya chuma chakavu, tena akanung'unika kwamba anafanya hivyo kumsaidia tu. Auma alizipokea pesa kwa mikono miwili.

Alipoondoka, Mwaura aliiweka mashine mbele yangu pamoja na vibamba viwili vikubwa vya ram. Labda ni vilevile, labda ni vingine, sikuuliza. Aliniambia niviweke, nifute kila kitu, kuna mteja wa Lavington, kwa wenye pesa, anakuja. Niliviweka. Kabla ya kufuta, nikafungua faili la Auma. Programu ile ina kitufe ambacho ukikibonyeza inakuonyesha kwenye kioo jinsi mashine itakavyoshona, uzi kwa uzi. Nikakibonyeza. Uso ukashonwa, macho yakashonwa, zikaanza nywele, na hazikukwama. Fungu kwa fungu, kila moja likielekea kwake, hadi la mwisho chini ya kidevu, halafu kitabu. Dakika chache tu. Nilikuwa nikimtazama simba mzima ambaye mwenyewe hakuwahi kumwona. Kisha nikafuta. Kabla ya chakula cha mchana Mwaura alinipa funguo za Satellite, na chapati zilipokuja hazikutosha, akaikata yake, akanisukumia nusu. Nilikuwa na njaa, nikaila.

Jumamosi iliyopita tulimzika. Kanisa lilijaa. Kwenye kitabu cha ratiba Mwaura alikuwa amevaa suti, amecheka, na chini yake orodha ya wema wake, maana maiti hana kosa. Nilikuwa nimeketi upande wa wasemaji nikishika karatasi yangu, nikasikia mwendesha ibada akimwita mteja wa siku nyingi kutoka Kibera. Nilimjua kwa urefu kabla hajageuka. Nywele zake zimeanza mvi, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba ya kitambaa, na kwenye kola, pini mbili. Alisema yeye hana mengi. Alisema zamani alikuwa na mashine iliyomkatalia kazi, mji mzima ukamkwepa nayo, na mzee huyu ndiye aliyemnunulia, nayo ilikuwa imekufa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, akasema, na watu wakaitikia. Halafu akatabasamu akasema tangu siku hiyo amewaambia vijana wote wa Kibera wasinunue Apple wakidhani watatia Windows, watalia. Kanisa likacheka. Uongo wangu umekuwa ushauri wa watu wazima huko Makina, miaka kumi na moja, na mimi nimeketi pale na karatasi.

Wakaniita. Nilisema yote yaliyoandikwa: subira yake, mkono wake, ile nusu ya chapati. Hakuna neno lililokuwa la uongo na ndiyo sababu naona aibu hadi sasa. Watu walipiga makofi. Kwenye foleni ya kupakua mukimo Auma alinikumbatia, akanishika mabega, akaniambia kumbe nilipata duka langu kama nilivyotaka. Akaniuliza liko wapi hasa.

Alikuja jana asubuhi. Kwenye kapu, ndani ya mfuko wa bitana uleule wa kushonwa kwa mkono, ama ndugu yake, mlikuwa na Apple, ya kijivu safari hii, nzee na nzito, na diski mpya ya kutiwa ndani yake, kwenye bahasha. Ni ya bintiye, yule aliyetapika darasani. Sasa yuko chuo, anajifunza kuchora ramani za nyumba, na programu yao inataka Windows. Auma alisema amemkanya msichana asinunue Apple hadi amechoka, lakini watoto wa siku hizi hawasikii. Akaiweka mezani. Hapa kwangu hakuna benchi, kuna viti viwili vya plastiki ambavyo wateja hutupia mabegi yao. Alivitazama, akatabasamu, akasema, "Kwako siketi. Narudi jioni."

Alikuwa amefika mlangoni nilipomwita. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama, meza ikiwa katikati yetu: ram, funguo, skrubu iliyoanguka, na kwamba Apple na Windows hazikuwa na ugomvi wowote. Nilisema Mwaura alitoa na mimi nikafunga. Sikulia, sikutaka aanze kunibembeleza. Sauti yangu ilikuwa kavu kama ya mtu anayemsomea mteja bei. Nilipomaliza Auma aliweka mkono kwenye fremu ya mlango, akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Na simba? Ukirudisha hiyo kitu, alimalizika?"

"Alimalizika," nikasema. "Mpaka nywele zote."

Akaitika kwa kichwa, mara mbili. Nilidhani atachukua kapu lake aende. Badala yake aliondoa begi kwenye kiti kimoja, akalishusha sakafuni, akakivuta kiti hadi magoti yake yakagusa meza yangu, akaketi. Akavaa miwani. Akaugeuza mfuko wa bitana ndani nje kuhakikisha hakuna kilichobaki humo, akaukunja, akaukalia. Halafu akanyoosha mkono, akakunjua kiganja juu ya meza, katikati ya vifaa vyangu.

"Fungua nikiona," akasema. "Skrubu weka hapa."